Mfungo wa Watawa na Ghala Linalokwisha

Mtawa huishi kwa kengele na kwa kalenda. Kengele humwamsha alfajiri aende kusali Masifu ya Asubuhi na kuhudhuria Misa Takatifu. Adhuhuri humsimamisha kazini. Jioni humrudisha kanisani. Na usiku humwalika ajikabidhi mikononi mwa Mungu. Kalenda nayo humwongoza kutoka Majilio hadi Noeli, na kutoka Kwaresima hadi Pasaka. Lakini mtawa aishiye katika uwanda wa kati wa Tanzania, hapa Nkuhungu au penginepo Dodoma, anayo kalenda ya pili, nayo ni ya mvua. Leo twataka kutazama jinsi kalenda hizo mbili zinavyokutana katika nyumba ya watawa, na fundisho litokalo humo kwa kila Mkristo juu ya mfungo.

Kalenda mbili, mwaka mmoja

Nchi yetu, iliyo mita 1,100 hivi juu ya bahari, ina msimu mmoja tu wa mvua. Huanza mwishoni mwa Novemba au katika Desemba, hukoma Aprili, na katika mwaka wa kawaida kipimo chake hakizidi sana milimita 600. Juni na Julai ni miezi ya baridi na upepo. Septemba na Oktoba ni ya vumbi na jua kali.

Kwa hiyo Majilio hutufikia wakati macho ya wote yanatazama mawingu. Shamba limekwisha kusafishwa, mbegu za uwele na mtama ziko tayari, wala hakuna mtu awezaye kuliharakisha wingu. Mtawa asomaye siku hizo maneno ya nabii Isaya, aliyeulinganisha wokovu na mvua itokayo mbinguni, hahitaji mwalimu wa kumfafanulia. Noeli yapita, palizi yaanza, na watu wainama mashambani.

Ndipo yaja Kwaresima. Jumatano ya Majivu haiwezi kuangukia kabla ya tarehe 4 Februari wala baada ya tarehe 10 Machi. Mkulima wa Ugogo aijua vema miezi hiyo. Akiba ya mwaka uliopita inafikia chini ya kihenge, na mazao mapya bado ni mabichi shambani. Mara nyingi mvua nayo husita katika Februari, na hofu huingia nyumbani. Basi Mama Kanisa atuita tufunge katika majuma yale yale ambayo wengi wetu wamekwisha kupunguza chakula kwa lazima.

Swali la haki

Hapo mtu huuliza: "Mimi ninayekula mara moja kwa siku, nifunge nini tena?" Swali hilo si la uvivu wala la ukaidi. Nchi hii imeijua njaa. Wazee wa Wagogo waliwasimulia wana wao habari za Mtunya, ile njaa kuu iliyofuata Vita Kuu ya Kwanza, miaka ya 1918 hadi 1920, ilipoangamiza watu wengi na kuwatawanya wengine mbali na makwao.

Kanisa limelisikia swali hilo. Mtaguso Mkuu wa Pili wa Vatikano, katika Hati juu ya Liturujia Takatifu iliyotolewa tarehe 4 Desemba 1963, ulifundisha kwamba toba ya Kwaresima isiwe ya moyoni na ya mtu peke yake tu, bali iwe pia ya nje na ya kijamii, tena ilingane na hali ya nchi na ya watu. Tarehe 17 Februari 1966 Baba Mtakatifu Paulo VI, katika hati yake "Paenitemini" juu ya toba, alitofautisha nchi zenye shibe na nchi zenye ufukara. Wenye shibe wajinyime, wakawasaidie wenzao. Wenye ufukara wayatoe kwa Mungu mateso yao wenyewe kwa sala, huku wakijitahidi kuipata haki. Na Sheria ya Kanisa ya mwaka 1983 yataja siku mbili tu za mfungo wa lazima kwa Kanisa zima, yaani Jumatano ya Majivu na Ijumaa Kuu. Nayo huwahusu waliotimiza miaka 18 hata waanzapo mwaka wa 60.

Hivyo twaona kwamba Kanisa halikuweka mfungo ili limwongezee njaa mwenye njaa. Basi mfungo ni wa nini? Jibu tutaliona vizuri tukienda mlangoni pa nyumba ya watawa.

Mlangoni

Kila nyumba ya watawa ina sista mwenye ufunguo wa ghala. Mtakatifu Benedikto, aliyeandika Kanuni yake katika karne ya 6, alimwagiza mtunza ghala avitazame vyombo vyote vya nyumba kama vyombo vitakatifu vya altare. Tena Benedikto yule yule aliagiza kila mgeni apokewe kama Kristo mwenyewe. Maagizo hayo mawili ni rahisi kuyatimiza mwezi wa Juni, ghala likiwa limejaa. Mwezi wa Machi yaonekana kugombana. Mama mwenye mtoto mgongoni abisha hodi na kuomba unga. Lakini unga ule umekwisha kupimwa uwatoshe wote hata mavuno, pamoja na watoto wanaolelewa na masista. Sista akitoa bila kipimo, atawanyang'anya waliokabidhiwa kwake. Akifunga mlango, amemfungia Kristo.

Afanyeje? Mtakatifu Leo Mkuu, aliyekuwa Papa tangu 440 hadi 461, alifundisha katika hotuba zake za Kwaresima kwamba kile ajinyimacho mwenye kufunga kiwe chakula cha maskini. Fundisho hilo ndilo lifunguo. Sista hana haki ya kuutoa uji wa mtoto, lakini ana haki kamili ya kukitoa chakula chake mwenyewe.

Tufanye hesabu. Tuseme nyumba ina masista wanane, na kila mmoja hula robo kilo ya unga jioni. Jioni moja wakiiacha sufuria, zimebaki kilo 2. Tangu Jumatano ya Majivu hata Ijumaa Kuu, Jumatano ni saba na Ijumaa ni saba, jumla siku 14. Hizo ni kilo 28 za unga, wala ghala la watoto halikuguswa. Lakini unga huo usipopimwa na kuwekwa kando siku ile ile, utarudi mezani kesho, na mfungo utakuwa umehamisha chakula kutoka jioni hadi asubuhi.

Jimbo letu linalo shirika la masista waliomchagua Mtakatifu Gemma Galgani kuwa msimamizi wao. Huyo alizaliwa Italia mwaka 1878. Baba yake alipofariki mwaka 1897 jamaa yake ilibaki katika ufukara. Gemma alitamani kuwa mtawa wa Mateso ya Bwana Wetu, asipokelewe. Akaishi katika nyumba ya jamaa nyingine, akisali na kusaidia kazi za nyumbani. Alifariki tarehe 11 Aprili 1903, siku ya Jumamosi Kuu. Maisha yake yatuonyesha kwamba toba kubwa yaweza kutendeka jikoni, pasipo kuonwa na watu.

Nasi tutende nini?

Nkuhungu ya leo ni kata ya jiji. Wengi hawana kihenge. Hununua unga dukani. Hata hivyo kalenda ya mvua yawafikia, kwa maana vijijini akiba ikipungua, bei hupanda mjini. Basi, katika Kwaresima tushike mambo matatu.

Kwanza, mwenye chakula cha kutosha akipime anachojinyima, akiweke kando siku ile ile, asingoje Pasaka. Njaa ya Machi haingojei sadaka ya Aprili.

Pili, mwenye upungufu asione haya wala asijilaumu kwamba hakufunga. Amtolee Mungu upungufu wake kwa sala. Mjane wa Sarepta alikuwa na konzi moja tu ya unga, naye ametajwa katika Maandiko Matakatifu.

Tatu, jumuiya ndogo ndogo zikikutana ziulize swali moja kabla ya kuagana: ni nyumba gani katika mtaa wetu haikuwasha moto jana? Kisha yule aliyefunga ajue mahali pa kupeleka unga wake.

Masuke yakianza kukomaa, nayo Pasaka ikifika, furaha ya mavuno iwe ya wote waliovuka pamoja miezi ya njaa. Mfungo ambao haukufika katika sahani ya mwingine, bado haujafika mwisho wake.