Noeli Jikoni: Mapambo ya Harufu Nzuri na Jani la Isale

Kila mwaka ifikapo Desemba, njia za Moshi hujaa wasafiri. Wana wa Uchaggani walioko Dar es Salaam, Mwanza, Nairobi na kwingineko huupanda mlima kurudi vihambani mwao, Rombo, Marangu, Kilema, Kibosho na Machame. Wengi huleta mapambo ya plastiki na nyuzi zing'aazo, yaliyonunuliwa kwa fedha ambazo Januari zitatakiwa kwa karo ya shule. Hatuwalaumu. Lakini twauliza: je, nyumba yenye migomba, kahawa na mikono ya watoto yapaswa kununua uzuri wake wote dukani?

Tena twaona jambo jingine. Sebule hupambwa kwa ajili ya wageni, bali jiko huachwa na masizi yake, ijapokuwa ndimo mama na binti zake wapitishamo sikukuu karibu nzima. Basi mwaka huu yafaa tuanzie jikoni. Majuma manne ya Majilio yatosha kabisa kwa kazi hii.

Kwanza, usafi. Masizi yafagiliwe darini na kutani, na kuta zipakwe chokaa. Pambo lililotundikwa penye utando wa buibui halipambi kitu.

Pili, mapambo ya mdalasini. Chukua vikombe 2 vya unga wa ngano, kikombe 1 cha chumvi laini na nusu kikombe cha mdalasini uliosagwa. Changanya, kisha tia maji kidogo kidogo, yapata kikombe 1, ukikanda kama ukandavyo unga wa chapati, hata donge liwe gumu lisilonata mkononi. Sukuma liwe na unene wa nusu sentimita. Kata nyota na kengele kwa kisu, au miduara kwa mdomo wa bilauri. Toboa tundu la uzi kwa kijiti kabla halijakauka, kwa maana likiisha kukauka litapasuka. Watoto waweza kubandika buni kavu za kahawa au karafuu kando kando.

Yaanike juani siku kadhaa, ukiyageuza mara kwa mara. Kwa kuwa mvua za vuli huweza kufika hata Desemba, siku ya mawingu yawekwe karibu na joto la jiko, wala si juu ya miali. Chumvi huzuia kuoza, lakini pia huvuta unyevu wa hewa. Kwa hiyo baada ya sikukuu yatunzwe katika kopo lenye mfuniko. Watoto waonywe wasiyale, wala mbwa wasitupiwe, maana chumvi ni nyingi mno na yaweza kuwadhuru.

Tatu, chungwa la karafuu. Karafuu ni machipukizi ya maua yachumwayo Unguja na Pemba kabla hayajachanua, yakakaushwa juani. Toboa ganda la chungwa zima kwa sindano nene, uchomeke karafuu zikaribiane mpaka zienee kote. Litundike kwa kamba ya mgomba mahali penye hewa. Mafuta ya karafuu husaidia kuzuia ukungu, na chungwa hunywea polepole likinukia. Likianza kulainika na kuvuja, litupwe. Pambo lo lote lisikaribie moto, mshumaa wala taa ya mafuta.

Kuhusu majani mabichi, twawasihi msiingie msituni kukata miti michanga. Msitu ule ni chemchemi ya mifereji yetu, na tangu mwaka 2005 umetiwa ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Kilimanjaro. Matawi machache ya mti uliopandwa kihambani yatosha.

Mwisho, liko pambo moja lisilouzwa dukani, nalo ni jani la isale. Wachagga wameupanda mmea huu mipakani mwa vihamba tangu zamani, na jani lake lililofungwa fundo ndilo alipelekalo mkosaji kwa aliyemkosea, kuomba msamaha. Alikataaye huhesabiwa kuwa amefanya jambo zito.

Yafaa sana jani hilo liwe juu ya mlango wa jiko usiku wa Noeli. Lakini tujihadhari. Twajua nyumba ambazo ndugu wawili hula sikukuu moja bila kusalimiana, kwa sababu ya hatua tatu za mpaka ule ule uoteshao isale. Kulitundika mlangoni hali hamsemezani ni kulidhihaki. Basi, enyi akina baba, kabla ya tarehe 24 chumeni majani mawili. La kwanza lipelekeni kwa ndugu. Akilipokea, la pili wapeni watoto walitundike.