Somo la Robo Hii: Kifuta Jasho Kisomwe Hadharani



Katika toleo hili tunajifunza juu ya fedha ambazo Serikali huwalipa wakulima walioharibiwa mazao na wanyamapori. Katika vijiji vyetu vya Simiyu vilivyo jirani na Hifadhi ya Taifa ya Serengeti na Pori la Akiba la Maswa, tembo wakiingia shambani usiku mmoja, chakula cha kaya cha mwaka mzima huisha kabla ya kupambazuka.

Kifuta jasho ni nini?

Malipo haya yanatokana na Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori Na. 5 ya 2009 na kanuni zake za 2011. Ya mazao huitwa kifuta jasho. Ya mtu aliyejeruhiwa au kuuawa huitwa kifuta machozi. Si fidia, maana hayalingani na thamani ya kilichopotea. Kwa kanuni za 2011, ekari moja ililipiwa kati ya shilingi 25,000 na 100,000 kulingana na umbali wa shamba kutoka mpaka wa hifadhi, na hazikulipwa zaidi ya ekari 5. Kwa kuwa viwango hubadilishwa, kila kamati iombe kwa ofisa wanyamapori wa wilaya nakala ya kanuni zinazotumika.

Kwa nini uwazi?

Fomu ya mkulima hutoka kijijini, hupita halmashauri, hufika Wizara ya Maliasili na Utalii. Fedha zikirudi, msimu umekwisha pita. Huyu analipwa, jirani yake hapati. Pengine umbali ulitofautiana, pengine taarifa ilichelewa. Lakini pasipo orodha, kinachobaki ni minong'ono. Mtendaji wa kijiji hushukiwa hata kama hana hatia, na hifadhi nayo huchukiwa. Mkulima anayeamini kwamba jasho lake limeliwa na wengine hatakuwa na moyo wa kutoa taarifa za majangili. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari.

Tusome 2 Wakorintho 8:16-21. Mtume Paulo alipopeleka mchango kwa watakatifu, hakutegemea heshima ya jina lake. Alimtuma Tito pamoja na ndugu aliyechaguliwa na makanisa, ili asiwepo wa kuwalaumu. Uwazi humlinda mwenye haki na pia mtunza fedha mwaminifu.

Wenzetu wa Ulaya nao wamelijadili jambo hili. Umoja wa Ulaya huwalipa wakulima ruzuku, nyingine kwa ajili ya kutunza mazingira, na hutangaza majina ya wanaopokea. Tarehe 9 Novemba 2010 mahakama yake iliamua kwamba kutangaza kila mkulima mmoja mmoja bila kubagua kiasi kulipita kipimo. Kanuni zikaandikwa upya, na wapokeaji wa kiasi kidogo wakaachwa bila kutajwa. Kijijini kwetu kila mtu anajua shamba la nani limeliwa. Kwa hiyo jina, ekari na kiasi visomwe, lakini namba za simu na za akaunti zifichwe.

Kamati ifanye nini?

1. Imsaidie mkulima kutoa taarifa mapema, kabla alama za wanyama hazijafutika, na kubaki na nakala ya fomu.
2. Iombe orodha isomwe katika mkutano mkuu wa kijiji mara mbili: madai yanapopelekwa na malipo yanapofika.
3. Majibu yasipopatikana, iombe kwa maandishi. Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya 2016 inaitaka ofisi ya umma kujibu ndani ya siku 30.

Nanyi wafadhili, mnapotutembelea, ulizeni kama orodha ilisomwa. Sisi pia tuulizeni hivyo hivyo kuhusu michango yenu.

Maswali ya kujadili

1. Je, katika kijiji chetu orodha ilisomwa lini mara ya mwisho?
2. Ni nani asiyeweza kujaza fomu peke yake: mjane, mzee, asiyejua kusoma? Nani atamsaidia?
3. Je, hesabu za kigango chetu zinasomwa mbele ya waamini?