Maandishi Juu ya Kiroba: Siku Daftari la Shangazi Lilipofunguka Duka Lisilo Lake

Mimi nasoma ualimu, si kompyuta. Ila shangazi yangu ana maduka mawili ya vitenge Kariakoo, moja Mtaa wa Uhuru, jingine Sikukuu, na aliniomba nimtengenezee daftari la madeni la kwenye simu. Wiki ya tatu binti wa Sikukuu akafungua daftari, akakuta wateja wa Uhuru: majina, namba, kiasi wanachodaiwa. Shangazi hakupiga kelele. Aliuliza tu, "Mwanangu, nani mwingine ameona?" Sikuwa na jibu.

Aliyewahi kutuma mzigo mkoani anajua: kiroba kinaandikwa kwa maka peni jina, simu na mkoa, na wapakiaji wanasoma hapo juu tu, hawafungui. Ombi la intaneti nalo lina maandishi ya juu, vichwa vya ombi. Programu yangu ilisoma kichwa kimoja, X-Duka, ndipo ijue ifungue daftari lipi.

Sasa nani aandike? Ukiiachia simu ya mteja, mtu yeyote ataandika duka analotaka. Kwa hiyo kazi hiyo niliipa nginx, seva inayokaa mlangoni (Igor Sysoev, Mrusi, aliitoa 2004). Inaangalia anwani iliyoombwa, kisha inaandika yenyewe:

map $host $duka {
    default "";
    uhuru.duka.test uhuru;
    sikukuu.duka.test sikukuu;
}

proxy_set_header X-Duka $duka;

Anwani hizo ni za mfano. Hiyo map inakaa ndani ya http, nje ya server. Anwani isiyojulikana inapata thamani tupu, na kichwa chenye thamani tupu nginx haikipeleki kabisa, hata kama mteja alikiandika mwenyewe. Hapo uko salama.

Mimi sikuwa salama. Mstari wa X-Duka niliuweka kwenye server. Siku moja nikataka kujua maombi yanatoka wapi, nikaongeza ndani ya location:

proxy_set_header X-Real-IP $remote_addr;

Mstari mmoja tu, bwana! Lakini location inarithi mistari ya proxy_set_header kutoka juu pale tu isipokuwa na wa kwake hata mmoja. Nilipoweka wangu, X-Duka ikatoweka. Nilikuwa nimeendesha nginx -t, ikasema sawa, kwa sababu inakagua sarufi, haijui nia yako. Programu nayo, isipoona X-Duka, ilifungua duka la kwanza kwenye orodha, yaani Uhuru. Na nywila ilikuwa moja kwa maduka yote. Hayo mawili ni uzembe wangu, nginx haihusiki.

Nimerudia mistari yote miwili ndani ya location. Ombi lisilo na X-Duka sasa linakataliwa. Kila duka lina nywila yake. Programu inasikiliza 127.0.0.1 peke yake, maana mtu akiifikia bila kupita nginx, ataandika kirobani anachotaka.

Shangazi alitaka kuona mwenyewe. Nikaweka kompyuta juu ya kaunta, nikajifanya mwizi:

curl -H "X-Duka: uhuru" https://sikukuu.duka.test/

Ikauliza nywila ya Sikukuu. Akaniambia nirudie.