Kabichi na Ndugu Zake: Moto Mkali, Dakika Chache

Kabichi, sukuma wiki, koliflawa na brokoli asili yake ni mmea mmoja. Wakulima ndio walioubadilisha karne kwa karne: wengine walichagua mbegu za majani mapana, wengine wakapenda yenye kujifunga kichwa, wengine wakafuata vichala vya maua yasiyochanua. Chainizi, figili na loshuu ni binamu zao. Gengeni ukoo huu haukosekani, na una vitamini C, vitamini K na nyuzinyuzi kwa wingi. Lakini nyumba nyingi huupeleka mezani ukiwa umelegea, hauna rangi, unanuka. Tatizo ni maji mengi na muda mrefu jikoni.

1. Osha kwanza, kata baadaye. Vitamini C huyeyuka kwenye maji. Ukiikata sukuma kisha ukailoweka na kuikamua, yale maji ya kijani unayoyamwaga yamebeba sehemu ya lishe uliyoinunua. Osha jani likiwa zima, mbele na nyuma. Koliflawa na brokoli hufuga wadudu, kwa hiyo zitumbukize kichwa chini kwenye maji ya chumvi kwa dakika chache, kisha suuza.

2. Ukishakata, usikimbilie moto. Jani likikatwa, kimeng'enya kilichomo hukutana na viini vyenye salfa, na hapo huzaliwa ule ukali unaopanda puani, ambao ni wa haradali pia. Watafiti wa lishe wamevichunguza sana viini hivi kwa sababu ya uwezo wake wa kusaidia mwili kujikinga na maradhi. Joto kali hukiua kimeng'enya hicho kabla hakijamaliza kazi. Basi anza kwa kukata mboga, iache kama nusu saa, ndipo umenye vitunguu na kusonga ugali. Kama huna muda huo, nyunyizia unga kidogo wa haradali mboga ikishaiva. Nao una kimeng'enya cha aina hiyo.

3. Acha kuichemsha kabichi. Ile harufu nzito inayowakimbiza watoto mezani hutokana na salfa, na huongezeka kadiri kabichi inavyokaa jikoni. Tumia karai pana na moto mkali. Weka mafuta vijiko viwili, kitunguu, tangawizi na kitunguu saumu vilivyopondwa, na manjano kidogo. Kitunguu kikianza kubadilika rangi, tia karoti ya kukwaruza, halafu kabichi iliyokatwa nyembamba. Geuza bila kuchoka. Usifunike, maana mvuke uliofungiwa hufifisha rangi ya kijani. Chumvi iwe ya mwisho, kwani ukiitia mapema itavuta maji na utajikuta unachemsha tena. Baada ya dakika tano au sita onja: ikiwa imelainika lakini bado inalia kidogo chini ya meno, ipua hapohapo, kwa sababu joto la karai litaendelea kuipika.

4. Usitupe kikonyo. Cha brokoli kimenye ngozi ngumu ya nje, ukikate vipande vyembamba. Ni kitamu kuliko hata maua yake. Majani ya figili nayo yapike kama mchicha, na kiazi chake kiende kwenye kachumbari.

5. Koliflawa ipe joto kavu. Ukiichemsha, inapooza. Ipake mafuta, chumvi, bizari nyembamba na pilipili, kisha uioke kwenye oveni yenye moto mkali mpaka kingo ziwe kahawia. Utamu utakaousikia hapo ndio ulikuwa umejificha siku zote.

6. Mafuta kidogo, ndimu mwisho. Sukuma ina karotini, ambayo mwili huigeuza vitamini A, na bila mafuta hainyonywi vizuri. Tui la nazi au karanga za kusaga zinatosha. Ndimu kamulia mezani, kwani ikitiwa jikoni huichakaza rangi ya kijani. Na ukila maharage, weka kando kachumbari ya kabichi mbichi: vitamini C husaidia mwili kuchukua madini ya chuma yaliyo kwenye maharage.

7. Kwa wenye dawa na wenye tezi. Anayetumia warfarini ya kuzuia damu kuganda asizidishe wala kuacha mboga hizi ghafla, kwa kuwa vitamini K iliyomo huathiri dawa hiyo. Mwenye shida ya tezi ya shingo azile zikiwa zimepikwa badala ya kula mbichi kwa wingi kila siku, na ahakikishe chumvi ya nyumbani ina madini joto. Wote wawili, mwelezeni daktari wenu mnachokula, na yeye ndiye awapangie kiasi.