MBEBA VITI NAYE ANA NENO
Somo juu ya watu wanaojitolea na haki yao ya kudai mageuzi

Mwalimu mlezi wa chama chetu aliniomba niandike somo la uraia kwa jarida la mwaka huu. Mwanzoni nilitaka kuandika juu ya Bunge, lakini mambo ya Bunge tumeyasoma hadi yametuchosha. Kwa hivyo nimechagua kisa kilichotokea huko Marekani, miongoni mwa watu wanaopenda vitabu kama sisi. Ukifika mwisho utajua kwa nini kisa hiki kimenikaa rohoni.

Kongamano la mashabiki ni nini?

Sisi tukisikia neno shabiki tunafikiria mpira tu. Lakini kuna mashabiki wa vitabu pia. Wako watu wanaopenda hadithi za kubuni za kisayansi, yaani hadithi za safari za sayari nyingine, mashine zenye akili na dunia ya kesho. Watu hawa hukutana mara moja kwa mwaka kwa siku tatu au nne hivi. Hukodi hoteli, hualika waandishi, hujadiliana, huuziana vitabu na kupiga gumzo hadi usiku wa manane. Mkutano kama huo ndio kongamano la mashabiki. Kongamano la dunia la mashabiki hao, liitwalo Worldcon, lilianza New York mwaka 1939, na waliohudhuria walikuwa kama watu 200 tu.

Sasa sikiliza maajabu. Makongamano mengi ya namna hii hayaendeshwi na watu wa mshahara. Anayeandikisha wageni mlangoni amejitolea. Anayepanga viti amejitolea. Hata mwenyekiti mwenyewe amejitolea, na siku ya Jumatatu anarudi kazini kwake kama mtu mwingine yeyote.

Kisa cha Readercon

Readercon ni kongamano lililoanza mwaka 1987 karibu na mji wa Boston, katika jimbo la Massachusetts. Linasifika kwa kujali vitabu kuliko mavazi na sinema. Lilikuwa na ngazi mbili za uongozi. Ya kwanza ni kamati ya maandalizi, yaani wale waliojitolea kufanya kazi zote za kongamano. Ya pili ni halmashauri, watu wachache kutoka kamati hiyo ambao walikuwa na kauli ya mwisho katika mambo mazito.

Mwaka 2008 kongamano hilo liliweka sheria kali dhidi ya unyanyasaji. Atakayemsumbua mwenzake angefukuzwa moja kwa moja, asikanyage tena hapo maisha yake yote. Sheria iliandikwa ikaeleweka. Hakuna aliyeweza kusema hakuijua.

Basi Julai 2012 mwanamke mmoja, mwandishi, alilalamika kuwa mwanamume fulani alimfuatafuata na kumgusa ilhali yeye hataki. Mwanamume huyo alikuwa mtu mwenye jina katika duru za mashabiki. Halmashauri ilichunguza malalamiko ikaona ni ya kweli. Ungedhani kazi imekwisha, sivyo? Haikuwa hivyo. Mwishoni mwa mwezi huo halmashauri ilitangaza kwamba mtu huyo amesimamishwa kwa miaka miwili tu, kwa sababu alionyesha kujuta.

Jamani! Sheria inasema maisha, wao wanasema miaka miwili. Mashabiki wengi waliteta. Waandishi walisema hawatarudi. Lakini jambo lililonigusa mimi zaidi ni kwamba hata waliojitolea katika kamati ya maandalizi hawakukubali. Wao ndio wangesimama mlangoni mwaka unaofuata wakiulizwa, "Je, hapa ni salama?" Wangejibu nini?

Mapema Agosti 2012, siku chache tu baada ya tangazo lile, kamati ilikutana. Uamuzi wa halmashauri ukafutwa na mtu yule akapigwa marufuku ya kudumu. Kamati ikaomba msamaha hadharani kwa mwandishi yule na kwa wote waliovunjika moyo. Halmashauri nzima ikajiuzulu. Kisha zikatolewa ahadi za mageuzi: njia iliyo wazi ya kupeleka malalamiko, watu wa kushughulikia usalama, na mafunzo kwa viongozi na waliojitolea.

Mwaka uliofuata, 2013, mwandishi John Scalzi alitangaza kwamba hatakubali kualikwa kwenye kongamano lolote lisilo na sheria ya kuzuia unyanyasaji iliyoandikwa na kutangazwa wazi. Wengi walimuunga mkono.

Nguvu ya asiyelipwa

Hapa ndipo penye somo lenyewe. Watu hudhani asiyelipwa hana nguvu. Akilalamika ataambiwa, "Kwani nani alikuita? Si ulikuja mwenyewe?" Ni kweli hana mkataba, na hana chama cha wafanyakazi cha kumtetea. Lakini tazama upande wa pili. Hakuna anayeweza kumtisha kwa kumkata mshahara, kwa maana mshahara haupo. Tena yeye ndiye anayejua funguo ziko wapi na orodha ya wageni iko wapi. Akiweka chini mzigo, shughuli nzima inalala.

Nguvu hiyo ina njia mbili. Njia ya kwanza ni kubaki ndani na kudai mageuzi, kama walivyofanya wale wa Readercon. Njia ya pili ni kuondoka. Mwaka 2025, kabla ya kongamano la dunia la Seattle, ilijulikana kwamba waandalizi walitumia programu ya kompyuta iitwayo ChatGPT kuwachunguza watu waliotaka kuzungumza jukwaani. Mwezi wa Mei watu watatu waliojitolea, wenye vyeo katika kusimamia tuzo za Hugo, walijiuzulu. Mwenyekiti aliomba radhi, na uchunguzi ukarudiwa bila programu hiyo.

Sisemi kila anayejitolea akikasirika agome. La hasha. Wale wa Readercon hawakudai jambo jipya kutoka hewani. Walidai sheria yao wenyewe ifuatwe. Wahenga walisema, ada ya mja hunena, muungwana ni kitendo. Sheria isiyotekelezwa ni maneno matupu.

Na sisi je?

Sasa nirudi nyumbani, na hapa naomba mnivumilie. Katiba ya chama chetu inasema kwamba mwanachama atakayemdhihaki mwenzake kwa sababu ya matamshi au kabila lake ataondolewa chamani. Mwaka jana msichana wa kidato cha kwanza aliandika barua kwa kamati. Alisema kwamba kila akisimama kusoma, mwanachama mmoja anamwigiza anavyochanganya "r" na "l", na watu wanacheka. Mwanachama huyo alikuwa malenga wetu hodari, na mashindano ya mashairi yalikuwa yamebaki wiki mbili.

Tulikuwa watano katika kamati. Tulikaa dakika kumi tu, maana sisi wa shule ya kutwa jioni kila mtu anakimbilia gari. Tukaamua apewe onyo. Wanne waliinua mkono, na mkono mmoja kati ya hiyo ulikuwa wangu. Nilijiambia kwamba amejuta, na kwamba tukimfukuza hatutaleta kikombe.

Waliokataa ni wale wa kidato cha pili wanaofagia ukumbi na kubeba viti. Walisema hawatapanga hata kiti kimoja cha Siku ya Kiswahili hadi katiba isomwe mbele ya wote. Mimi nilikasirika sana. Nilimwambia mmoja wao maneno yaleyale, "Kwani nani aliwalazimisha kuja?" Alinijibu kwa upole, "Hakuna, dada. Ndiyo maana tunaweza kusimama."

Katiba ilisomwa, na malenga akaondolewa. Kikombe hatukuleta. Lakini yule msichana hakurudi chamani hata leo. Tukikutana njiani ananisalimu vizuri tu, kisha anapita. Maji yakimwagika hayazoleki.

Kwa hivyo katika mkutano mkuu ujao nitaleta hoja kwamba barua yoyote ya malalamiko isisikilizwe na kamati peke yake. Wakae pia wanachama wawili wasio na cheo, mmoja wao awe wa madarasa ya chini, na jibu litolewe kwa maandishi. Ukiona hoja hii ina kasoro, njoo uipinge siku hiyo mbele ya wote. Ukiona inafaa, inua mkono. Wangu utakuwa juu, na safari hii nitakuwa nimefikiri kwa zaidi ya dakika kumi.

Msamiati

Halmashauri: kundi dogo la viongozi lenye mamlaka ya kuamua.
Kujitolea: kufanya kazi kwa hiari bila kulipwa.
Mageuzi: mabadiliko ya kuleta hali bora.
Kujiuzulu: kuacha cheo kwa hiari.
Unyanyasaji: kumtendea mtu kwa njia ya kumwonea au kumdhalilisha.

Maswali ya kujipima

1. Taja ngazi mbili za uongozi wa Readercon na ueleze tofauti yake.
2. Kwa nini mwandishi anasema asiyelipwa ana nguvu?
3. Je, majuto ya mkosaji yanatosha kupunguza adhabu iliyoandikwa? Toa maoni yako.
4. Tunga sentensi mbili ukitumia methali "ada ya mja hunena, muungwana ni kitendo".
5. Ungekuwa mmoja wa wale watano wa kamati, ungeinua mkono? Jibu kwa ukweli, hata kama hutamwonyesha mwalimu.