Mlima Hulipwa kwa Chenji: Mafunzo Niliyopata Nikipanda Usambara kwa Baiskeli

Mara ya kwanza nilipojaribu kupanda kutoka Mombo hadi Lushoto kwa baiskeli, nilishindwa mbele za watu. Ilikuwa saa sita mchana, na jua la Mombo halina masihara. Niliondoka stendi kwa mbwembwe, vijana wa bodaboda wakinipigia miluzi. Kabla sijamaliza kilomita ya tano nilikuwa nimeketi juu ya kalavati, natapika maji niliyoyanywa kwa pupa. Basi dogo likapunguza mwendo, konda akachungulia: "Kaka, baiskeli inakaa juu, twende!" Nikapanda, kichwa chini.

Barabara yenyewe ni ya lami, kilomita 33 hivi. Inaanzia Mombo, chini ya mita 500 kutoka usawa wa bahari, inapita Soni penye maporomoko ya maji, na kufika Lushoto karibu mita 1,400. Mimi nina mtihani wa ziada: njia ya vumbi inayochepuka jirani na Soni kwenda kwa shangazi yangu. Hiyo ni fupi, lakini imesimama kama ukuta. Nimezipanda zote mbili mara nyingi tangu aibu ile, na haya ndiyo ziliyonifundisha.

1. Pima mlima kabla ya kuuogopa

Nilichukua fimbo ya mita moja na chupa ya maji iliyojaa nusu. Ncha moja ya fimbo niliiweka juu ya njia, ncha ya pili nikaielekeza upande wa bondeni na kuiinua hadi maji ya kwenye chupa niliyoilaza juu yake yakatulia sawa. Kisha nikapima pengo lililobaki kati ya ncha ile na ardhi. Kila sentimita ni asilimia moja ya mwinuko. Sehemu mbaya ya njia ya shangazi ilinipa sentimita 17, lakini ni kama mita 100 tu. Kwingineko ni 8 au 9. Miaka yote nilikuwa nahofia mlima mzima kwa sababu ya mita 100.

2. Gia haipunguzi kazi, inaigawa

Baiskeli yangu ya kwanza ilikuwa Phoenix aliyoniachia baba. Nilihesabu meno yake: 48 mbele, 20 nyuma. Ukizungusha pedeli mara moja, inakwenda zaidi ya mita tano. Ya sasa ni ya mtumba, yenye gia. Kwenye gia nyepesi kabisa ina meno 28 mbele na 32 nyuma, na mzunguko mmoja unanipeleka mita 1.8 tu.

Tuseme napanda kwa mwendo wa kilomita 6.5 kwa saa. Kwa gia hiyo, miguu inazunguka mara 60 kwa dakika. Kwa Phoenix, mwendo uleule ungetaka mizunguko 20 tu, na kila mzunguko ungekuwa kama kunyanyua gunia. Bei ya mlima haibadiliki: ni uzito wako na wa baiskeli, mara urefu wa kwenda juu. Ila unaweza kuilipa kwa noti kubwa au kwa chenji. Magoti yangu yameniambia hayana noti kubwa.

3. Badili gia mapema

Gia hubadilishwa wakati cheni imelegea. Ukisubiri hadi umebanwa, unakanyaga kwa nguvu zote huku cheni inatafuta jino la kukaa. Itagoma, itaruka, au itakatika. Yangu ilikatika kwenye kona moja juu ya Mombo, goti likagonga usukani, nikaenda chini. Siku hizi nikiona mwinuko mbele natanguliza gia nyepesi miguu ikiwa bado na raha. Nikichelewa, nakanyaga kwa nguvu mzunguko mmoja ili kupata mwendo kidogo, nalegeza mguu, ndipo nabadili.

4. Kipimo cha mwendo ni salamu

Usambara hupiti mtu kimya. Kina mama wanashuka na matenga ya matunda, watoto wanatoka shule, wote ni "shikamoo" na "habari za safari". Nimegundua kwamba hicho ndicho kipimo bora cha pumzi. Nikiweza kuitikia salamu kwa sentensi nzima, mwendo ni sahihi. Nikitoa neno moja na kuhema, nimezidisha. Na robo ya kwanza ya safari lazima iwe ya taratibu kiasi cha kukutia haya, maana nguvu ulizochezea chini hazirudi juu.

Kwa hiyo sasa naondoka Mombo alfajiri, kabla ya joto, na maji nakunywa mafunda mawili matatu kila baada ya muda. Sisubiri kiu.

5. Kaa kwenye siti

Kusimama juu ya pedeli kunakupa uzito wote wa mwili, lakini mapaja na mapigo ya moyo hulipia. Mimi nasimama kwa sekunde kumi au ishirini tu, kunyoosha mgongo au kumaliza kipande kifupi. Kabla ya kusimama naongeza gia moja nzito, la sivyo miguu inazunguka bure.

Aliyenifumbua macho ni Chris Froome, mzaliwa wa Nairobi aliyejifunza baiskeli chini ya David Kinjah huko Kikuyu. Mwaka 2013, kwenye mlima Ventoux nchini Ufaransa, aliwaacha wenzake akiwa ameketi, miguu ikizunguka kama cherehani. Mwaka huo alitwaa Tour de France, na baadaye akaongeza mataji mengine matatu. Nami nilikuwa nikidhani mwanamume hupanda mlima amesimama.

Ila kaa vizuri. Siti iwe juu kiasi kwamba pedeli ikiwa chini kabisa goti linabaki limekunjika kidogo tu. Siti ya chini inaua magoti.

6. Kwenye vumbi, uzito wako ni mizani

Lami inasamehe, kokoto hazisamehe. Ukisimama, gurudumu la nyuma linakosa uzito na kuzunguka palepale. Ukikaa nyuma sana, la mbele linanyanyuka na usukani unayumba. Dawa ni kusogea hadi ncha ya siti, kuinamisha kifua, kushusha viwiko, na kukanyaga kwa duara bila kushtua pedeli. Kupunguza upepo kidogo kwenye tairi nako husaidia kushika ardhi.

Septemba 2025, mbio za baiskeli za ubingwa wa dunia zilipofanyika Afrika kwa mara ya kwanza, jijini Kigali, wanaume walikuwa wakirudia tena na tena kilima cha Kimihurura, kilichotandikwa mawe. Walianza zaidi ya mia moja na hamsini, wakamaliza 30. Mwinuko juu ya njia korofi haumwogopi bingwa.

7. Kona ina upande wa bei nafuu

Kwenye kona kali, upande wa ndani ni mfupi lakini umesimama. Upande wa nje ni mrefu na umelala. Kwa kuwa sisi hupita kushoto, kona ya kulia inakupendelea: uko nje tayari. Ya kushoto inakutega ndani kabisa, kwa hiyo weka gia nyepesi kabla ya kuiingia. Usihamie upande wa pili kutafuta unafuu, maana malori ya mboga hushuka pale bila huruma. Kupanda kwa kwenda pembe hii na ile, kama wafanyavyo wabeba maziwa, ni kwa njia ya vumbi isiyo na magari.

8. Legeza visivyokanyaga

Vidole vikikaza usukani, mabega yanakaza, na pumzi inakuwa fupi. Nachezesha vidole kama napiga kinanda, na macho nayaweka mita chache mbele, kwenye jiwe moja, kisha jingine. Kileleni sitazami. Kitakuja chenyewe.

9. Kukokota si kushindwa

Siku moja, chini ya Soni, nilimpita mzee aliyekuwa akikokota Phoenix yenye matenga matupu, anarudi kutoka kuuza mboga Mombo. Nilimpita kwa kasi, na baada ya kona mbili nikawa nimesimama nahema. Akanifikia kwa hatua zilezile.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, mwanangu. Mbona unashindana na kitu kisichokimbia?"

Akaendelea zake. Soni alifika kabla yangu.

Tangu hapo, penye sentimita 17 nikiona nguvu zinaisha, nashuka kabla sijaanguka. Nikitaka kuendelea, naigeuza baiskeli ikingame njia, nabana breki, naweka pedeli moja juu ikielekea mbele, naachia breki na kukanyaga kwa pamoja, kisha napinda taratibu kuelekea juu.

Shangazi husikia breki na kutoka mlangoni. Mwaka ule wa kwanza nilifika nikashindwa hata kumwamkia. Nilinyoosha mkono tu, yeye akakimbilia maji. Safari iliyopita nilikokota mita kama 40, nikamkuta anapepeta mahindi.

"Shikamoo shangazi, habari za tangu siku nyingi, mnaendeleaje hapa?"

Nilisema yote kwa pumzi moja. Akatazama nyuma yangu, barabarani. "Marahaba. Gari limekushushia wapi?"