Safu ya Ushauri: Mhasibu Anayeitaka Sheria ya Kodi

Kazi ya sheria za kodi nchini Tanzania haifanywi na mawakili peke yao. Msomaji wa Gulwe, wilayani Mpwapwa, mhasibu mwenye CPA, ameuliza kama ni lazima aanze upya na shahada ya sheria ndipo aifanye. Jibu linategemea hatua ya mgogoro wa kodi anayotaka kuishughulikia.

Mgogoro huanza na makadirio ya Mamlaka ya Mapato Tanzania (TRA). Sheria ya Usimamizi wa Kodi ya mwaka 2015 humpa mlipakodi siku 30 za kuwasilisha pingamizi kwa Kamishna Mkuu, na mlipakodi hutakiwa kulipa theluthi ya kodi iliyokadiriwa au kiasi asichokibishania, kile kilicho kikubwa. Hapa ndipo mhasibu ana nguvu kuliko mtu mwingine yeyote. Pingamizi husimama juu ya daftari, risiti na taarifa za benki zilizopangwa sawasawa na vifungu vya Sheria ya Kodi ya Mapato ya mwaka 2004. Aliyezoea kufunga hesabu za mwaka huliona kosa la mkadiriaji mapema. Mhasibu huyo anaweza kuomba kusajiliwa na TRA kuwa mshauri wa kodi, na pengo la elimu likazibwa kwa stashahada ya uzamili ya kodi inayotolewa na Chuo cha Kodi, Dar es Salaam. Kwa msomaji huyu, hii ndiyo njia ya kutangulia nayo.

Pingamizi likikataliwa, shauri hupanda Bodi ya Rufani za Kodi, kisha Baraza la Rufani za Kodi, hatimaye Mahakama ya Rufani, ambako hoja za kisheria tu ndizo husikilizwa. Anayetaka uwakili wa huko hana njia ya mkato. CPA haimwondolei shahada ya sheria, wala Taasisi ya Mafunzo ya Uanasheria kwa Vitendo, wala kuapishwa na Jaji Mkuu. Chuo Kikuu Huria hufundisha shahada hiyo kwa masafa na kina kituo Dodoma, kwa hiyo ajira si lazima iachwe. Kurukia shahada ya uzamili ya sheria nako si njia ya mkato, kwani kwa kawaida humdai mwombaji shahada ya kwanza ya sheria. Hilo liulizwe chuoni kabla ya ada kulipwa.

Wakati huohuo hukumu za kodi zisomwe kwenye tovuti ya TanzLII, zinakopatikana bure, na uanachama wa bodi ya wahasibu, NBAA, uendelee kulipiwa.